Fomu ya Asubuhi ya Tatu

Mwajuma alinipigia simu Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa natenga chupa zilizochemshwa na zile ambazo bado. Alinisalimu kwa kirefu kama kawaida yake, akauliza hali ya mvua huku kwetu, akauliza magoti yangu, kisha akasema kwamba Bibi Leokadia wa Nyakisasa amefariki, na mazishi ni kesho yake mchana. Hakuongeza kitu, nami sikuuliza. Mwajuma ni muuguzi mstaafu. Tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja tu, yeye akiwa nesi wa wodi ya watoto na mimi mwosha vioo wa maabara, na katika miaka ishirini na tisa iliyofuata hatujawahi kulitaja jina hilo, ingawa tumetajiana majina ya watu wengi. Nilipokata simu nilirudi kwenye chupa zangu, nikakuta nimesahau upande upi ni upi. Ikabidi nizichemshe zote upya.

Ya nyumbani kwetu Nyantakara nayaacha, hayahusiki hapa. Itoshe kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na moja, elimu yangu darasa la saba, na hospitali moja ya misheni wilayani Biharamulo ilinichukua kuosha vyombo vya maabara. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, meza ya simenti iliyojengwa kufuata ukuta, sinki lenye bomba lililotoa maji siku lilipotaka, na taa ya spiriti ambayo moto wake haukuonekana mchana hadi ukuunguze. Harufu ya chumba kile nikiisikia hata leo naitambua: rangi nyekundu iliyopashwa moto, spiriti na sabuni ya mche. Katikati ya meza ilikaa darubini, imefunikwa kipande cha kitenge alichokishona mke wa mtaalamu. Mimi niliruhusiwa kufua kile kitenge. Darubini sikuruhusiwa kuigusa.

Mtaalamu alikuwa Mzee Gervas, Mhaya mwembamba aliyevaa koti jeupe hata siku za Jumapili. Chakula chake cha mchana kilikuwa ndizi na maharage kwenye bakuli lenye mfuniko, na alikila nje, amesimama, kwa sababu alisema mtu wa maabara akikaa kula atasahau kunawa kabla ya kurudi ndani. Alisema maneno machache na aliyarudia. Neno alilolirudia zaidi lilikuwa kwamba chupa isiyo na karatasi ni uchafu, imwagwe. Angeweza kuletewa makohozi ya mtu aliyetembea siku nzima kutoka Kaniha, lakini kama karatasi haikusema jina na saa, aliyamwaga mbele ya mgonjwa na kumpa chupa nyingine. Watu walimwona katili. Mimi nilimwona mtu wa kwanza maishani mwangu aliyesema jambo moja leo na kesho akasema hilo hilo.

Mwaka ule hospitali ilijaa kupita kiasi kwa sababu ya watu wa kambi za wakimbizi na vita vya nchi jirani. Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda ishirini na watoto arobaini, wawili wawili, na waliobaki walilala kwenye mikeka verandani. Wengi walikohoa. Mtu mzima anayekohoa unampa kopo ateme, lakini mtoto wa miaka mitatu hawezi kutema, anameza. Ndiyo maana Mzee Gervas alikuwa akitafuta kifua kikuu cha watoto tumboni. Alinieleza jambo hili siku moja ya mvua, akanionyesha ndoo tuliyokuwa tumeiweka chini ya bati lililotoboka. Alisema usiku kucha mtoto anameza makohozi yake kidogo kidogo, na tumbo lake linakusanya kama ndoo ile. Alfajiri, kabla hajainua kichwa, ndoo imejaa. Akinyanyuka, akibebwa, akinywa hata kijiko cha uji, ndoo imemwagika, yote yameshuka kwenye utumbo. Kwa hiyo nesi alipaswa kupitisha mpira mwembamba puani mtoto akiwa bado amelala, kuvuta yale maji kwa bomba la sindano, na mimi nilipaswa kuyapokea kwenye chupa yenye kipimo cha unga mweupe wa kupunguza ukali wa tindikali, maana tindikali ya tumbo inaweza kuwaua wadudu wa ugonjwa, wale wanaoonekana kwenye darubini kama vijiti vyekundu, kabla hatujawaona. Kisha nikimbie. Hivyo kwa asubuhi tatu mfululizo.

Kila chupa ilikwenda na fomu yenye mistari minne: jina, saa, ameinuka kitandani, amekula au kunywa. Kuijaza ilikuwa kazi yangu, kwa sababu nesi alikuwa mmoja. Jioni nilinakili kila fomu kwenye daftari langu la mistari, neno kwa neno, ili nijifunze mwandiko mzuri na maneno ya kazi. Hakuna aliyeniagiza. Mzee Gervas aliligundua lile daftari, akalifungua, akasoma kurasa mbili, kisha akanipa ahadi: fomu zangu zikinyooka kwa wiki tatu, bila chupa hata moja ya kumwagwa, ataniketisha kwenye darubini. Tangu siku ile sikulala vizuri kwa hamu. Nataka msomaji aielewe hamu hiyo, kwa sababu bila hiyo yaliyofuata yataonekana ni uzembe. Sikuwa mzembe. Bibi Leokadia alipofika nilikuwa nimebakiza siku nne.

Nyuma ya wodi palikuwa na banda la kupikia la akina mama waliouguza watoto. Mafiga yalipangwa pembeni, kila mmoja na lake, na moshi ulitoka kwenye matundu ya ukuta. Pale ndipo nilipopewa jina. Walikuwa wakiniona kila alfajiri nimebeba chupa, wakaniita Binti Matapishi. Nikitokea tu mmoja angesema Binti Matapishi huyo, funikeni sufuria, na wengine wangecheka. Mwingine aliwaambia wenzake kwamba yale maji ya tumbo yanapelekwa Ulaya kutengenezea dawa ya wazungu wasiopata njaa. Nilicheka nao. Bibi Leokadia hakucheka. Alikuwa mgeni, amekaa karibu na mlango, mjukuu wake Onesmo amefungwa mgongoni kwa kanga mbili, na alikuwa akimenya ndizi bila kuiangalia.

Kwao kulikuwa Nyakisasa, Ngara. Binti yake alikuwa ameolewa Kaniha, akakohoa karibu mwaka mzima, akafa. Bibi akaja kuzika, akabaki na mtoto. Onesmo alikuwa na miaka mitatu lakini ungempa mmoja na nusu. Shingo nyembamba, macho makubwa, kikohozi kikavu kisichomtisha hata yeye mwenyewe. Na hakuwahi kushuka mgongoni. Bibi akienda kuchota maji, yuko mgongoni. Akipika, yuko mgongoni. Nilimweleza kwamba kwa siku tatu alfajiri mtoto abaki kitandani hadi tumalize, naye akanijibu kwa Kiswahili chake cha Kihangaza, kile kinachoweka r mahali pa l kama cha watu wengi wa kwetu:

"Mtoto mgonjwa hararishwi peke yake, mwanangu. Mgongoni anasikia moyo wangu. Anajua bado nipo."

Hakuwa akibishana. Alinieleza kama mtu anayemweleza mgeni mlango uko wapi. Kwao mgonjwa mdogo hawekwi chini mwangalizi akiondoka, hata kwa hatua tano. Akiinuka mkubwa, anainuka na mtoto. Lakini alinikubalia. Kwa ajili ya ndoo ile niliyomweleza, alisema atakaa naye kitandani, haja yake ataibana.

Asubuhi ya kwanza alikaa. Maji yalitoka meupe yenye nyuzi nyuzi, mazuri kabisa. Mzee Gervas hakuona kitu. Asubuhi ya pili alikaa tena. Siku ile nilikuwa nasugua vioo kwenye sinki niliposikia kiti cha mzee kikisogea. Alikuwa amesimama. Alifuta lensi, akainama tena, akakaa hivyo muda mrefu hadi nikafunga bomba.

"Kimoja," alisema. "Kijiti kimoja chekundu, kioo kizima."

Nilimwuliza kama basi amekipata. Akasema kimoja hakitoshi kumwekea mtoto dawa za miezi mingi, kimoja kinaweza kuwa kimebaki kwenye kioo kilichooshwa vibaya. Hakuniangalia aliposema hivyo, lakini vioo vyote vilioshwa na mkono wangu. Akasema daktari anataka jibu la tatu kesho mchana, maana kuna watoto verandani wanasubiri vitanda. Kisha akasema kesho nimletee maji mazuri.

Usiku mvua ilinyesha, na alfajiri ya tatu nilipoingia wodini na chupa yangu nilikuta kitanda kina mtoto mmoja, yule mwenzake. Nilitoka nikikimbia hadi bandani. Bibi alikuwa ameinama kwenye moto, Onesmo mgongoni, na mkononi mwa Onesmo kulikuwa na kikombe cha plastiki cha uji wa ulezi, nusu yake imekwisha. Bibi aliponiona alitabasamu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona meno yake. Alisema ameomba mwenyewe. Siku mbili hakuwa ametaka hata maziwa, na sasa alikuwa ameamka na kusema uji. Bibi alinieleza hivyo mara mbili, kana kwamba sikusikia, na mimi nilikuwa nimesimama na chupa yangu mlangoni, nahesabu. Ni siku ya ishirini leo. Kesho itakuwa ya ishirini na moja.

Jambo sahihi lilikuwa rahisi. Ningerudi maabara na kusema mtoto ameinuka na amekula, kipimo kihamie kesho. Mzee angekasirika, daktari angekasirika zaidi, kitanda kingekaliwa siku moja zaidi, na mimi ningeanza upya wiki zangu tatu. Hayo ndiyo yote ambayo yangalitokea. Nimeyapanga mara nyingi, kwa utaratibu, na kila mara yanakuwa madogo vile vile. Lakini nilichofanya ni kumshusha Onesmo mgongoni, kumfuta uji mdomoni kwa pindo la kanga yangu, na kumrudisha kitandani. Bibi alinifuata nyuma. Nilimwambia kwa sauti ya chini, nesi akiuliza, wewe nyamaza, nitajibu mimi. Alinishika mkono, akaubana. Nilifikiri anaogopa.

Mwajuma alikuja mbiombio, maana kitanda cha pili mtoto alikuwa anadegedeka. Alipitisha mpira, akavuta. Kwanza hapakutoka kitu, kisha yakatoka maji kidogo ya kahawia yenye chembechembe.

"Huyu amekula?"

"Hajala."

Aliangalia lile bomba, akaniangalia mimi. Kisha mama wa kitanda cha pili akamwita, naye akaweka kila kitu mkononi mwangu na kwenda. Niliandika fomu nimesimama, nimeibandika ukutani. Onesmo. Saa kumi na moja na nusu. Hajainuka kitandani. Hajala wala kunywa. Mwandiko wangu ulikuwa umeshakuwa mzuri. Mzee Gervas aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha akauliza mbona rangi hii, nami nikasema ndivyo yalivyotoka. Akauliza kama nimeandika mwenyewe. Nikasema nimeandika mwenyewe. Akasema basi, akakaa kwenye darubini karibu saa nzima, akaandika kwamba hakuna kilichoonekana.

Mchana ule waliruhusiwa. Walipewa dawa ya kikohozi na maziwa ya unga. Bibi alinitafuta nyuma ya maabara, akanipa kichana cha ndizi mbivu zilizofungwa kwenye jani, akasema Mungu anilipe. Nilizila, sitaficha. Zilikuwa tamu. Na siku iliyofuata Mzee Gervas alitimiza ahadi yake: alivuta kiti, akakunja kitenge, akaniambia nifumbe jicho la kushoto. Kilikuwa kioo cha mwanamume mmoja mtu mzima. Kwanza niliona ukungu wa buluu, kisha mzee akazungusha kishikio, na katikati ya buluu vikajitokeza vijiti vyekundu, vyembamba, vimepinda kidogo, viwili viwili na vitatu vitatu, kama vibiriti vilivyomwagwa. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Ni jambo baya kukiri kuhusu ugonjwa uliomwua mtu yule mwaka uliofuata, lakini nimeahidi kuandika sawasawa. Kila kitu nilichojifunza baadaye, vitabu nilivyosoma kwa kamusi, vijana niliowafundisha kazi hii hadi leo, vyote vilianzia kwenye kiti kile. Na nilikikalia kwa ile fomu.

Walirudi wakati wa mvua za vuli, msimu wa senene. Nakumbuka kwa sababu wodini kila mtu alikuwa ananyonyoa mabawa, sakafu imejaa mabawa ya kijani. Sikumtambua mtoto kwanza. Alikuwa anatembea mwenyewe, polepole, mikono yake miwili imeshika mapaja, kama mzee anayepanda mlima. Bibi alikuwa nyuma yake ameshikilia kanga iliyokunjwa ambayo hakuifunga. Mzee Gervas aliitwa na daktari. Mzee mwenyewe alimvua mtoto shati, akapitisha kidole chake kwenye uti wa mgongo kutoka juu kwenda chini, na kidole kikapanda juu ya kinundu, kikashuka. Alirudi maabara, akafungua kabati la fomu za zamani, akazitoa zile tatu, akaja nazo wodini. Mimi nilikuwa nimesimama pale na ndoo.

Alimwuliza Bibi, kwa upole kuliko nilivyomzoea, kama asubuhi ile ya tatu alimbeba mtoto. Bibi akasema ndiyo. Akamwuliza kama alimpa kitu. Akasema uji, aliomba mwenyewe. Kisha Bibi alinitazama mara moja, akatazama chini, akakunja kanga yake mara nyingine. Hakusema kwamba nilikuwepo. Hakusema kwamba nilimfuta mtoto mdomo wala kwamba nilimwambia anyamaze. Nilimngoja aseme. Nilifikiri akisema yeye, itakuwa imesemwa, na mimi sitahitaji kusema.

"Ungemwacha amelala," alisema Mzee Gervas, "tungekiona."

Alisema hivyo kwa uchungu, si kwa kumlaumu. Lakini alishaondoa macho kwake na alikuwa ananiangalia mimi, na zile fomu zilikuwa mkononi mwake. Alinikuta baadaye kwenye sinki. Akachukua biro iliyokuwa mfukoni mwa gauni langu, akaiweka kwenye droo yake, akaifunga droo. Nilianza kulia. Hakunifukuza wala hakunisema kwa mtu.

"Mimi sikuwepo wodini, Skola," alisema. "Nilikuwa na karatasi yako tu."

Onesmo alianzishiwa dawa za kifua kikuu siku ile ile, akazimaliza mwaka uliofuata, akapona. Mgongo ulibaki vile ulivyokuwa.

Tangu hapo nimesoma kila kitu nilichoweza kukipata kuhusu kipimo kile. Najua sasa kwamba maji ya tumbo yanayotazamwa kwa darubini hayaonyeshi kitu kwa watoto wengi wagonjwa, hata yakichukuliwa kwa usahihi wote. Najua kwamba daktari mwenye nafasi na vitanda angeweza kumwanzishia dawa kwa sababu tu ya kikohozi kilichomwua mama yake, bila kuona kijiti hata kimoja. Siku hizi kuna mashine inayotoa jibu mchana huo huo, na hata choo cha mtoto kinaweza kupimwa, hakuna haja ya mpira puani. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mstari niliouandika ndio uliopinda mgongo wa Onesmo. Na siwezi kusema kwamba siyo. Kwa miaka mingi niliyaweka maneno haya mawili kwenye mizani na kungoja upande mmoja ulale. Nilikuwa nafikiri hilo ndilo swali lote. Sikujua kwamba kuna mtu mwingine aliyekuwa na jibu lake, na alikuwa akiishi nalo.

Nyakisasa nilifika watu wakirudi kutoka makaburini. Niliketi na akina mama kwenye majani makavu, nikapewa maharage na ugali wa muhogo. Mwajuma alikuwa amewahi, ameketi pembeni na mtandio wake mweupe. Alinionyesha Onesmo kwa kidevu. Ni fundi cherehani pale senta. Alivaa koti jeusi lililokaa vizuri mno, lenye nafasi iliyokatwa mgongoni kwa kipimo, na nilielewa kwamba amejishonea mwenyewe. Alikuja kwetu, akainama.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye dada wa maabara."

Nikaitikia. Akakaa. Akasema Bibi alinitaja mara nyingi, kila aliposali rozari alinitia ndani, kwa sababu nilimsitiri. Alifanya kosa kubwa akiwa hospitali, na dada mmoja akamfichia asifukuzwe na mjukuu wake. Onesmo alisema hivi kwa shukrani, kama mtu anayemkabidhi mwenziwe mzigo wake salama. Kisha akanieleza lile kosa. Bibi aliambiwa na mtaalamu kwamba hakupaswa kumbeba, na mtoto akarudi mgongo umepinda pale pale ambapo kanga hukaza. Basi. Hakubeba tena mtoto yeyote hadi alipokufa. Akimwona mwanamke njiani na mtoto mgongoni alimsimamisha, akamwambia ashushe. Watu walimzoea, wakawa wanamtania, Bibi Shusha. Hata mke wake Onesmo, Devota, ana binti wa miaka miwili ambaye hajawahi kumbeba mgongoni ndani ya boma lile. Shambani anakwenda naye kwa kumshika mkono, au anamwacha. Kila mwaka, siku ya jina la Onesmo, Bibi alimwomba msamaha.

"Na mimi nilimwambia nimekusamehe, Bibi. Ningesema nini?"

Mwajuma alikuwa anaangalia chini. Nilitoa kwenye mkoba lile daftari langu la kunakili fomu. Nilikuwa nimelibeba bila kujua nitalifanyia nini, labda nilitaka tu liwepo mazishini. Nilimwonyesha Onesmo ukurasa, mistari minne, na nikamsomea ingawa anajua kusoma. Nikamwambia mgongo haupindwi na kanga. Nikamweleza ugonjwa ule unavyokula mfupa, wapi unaanzia, na kwamba ungekula vile vile hata kama Bibi angemlaza kwenye pamba. Nikamweleza ndoo. Nikasema Mzee Gervas alimaanisha kipimo, siyo mgongo, na mimi nilikuwepo na nilielewa, na nilikuwa na miaka ishirini na tisa ya kwenda Nyakisasa kumwambia.

Onesmo alisoma ukurasa tena, kidole chake cha fundi kikifuata mstari.

"Bibi alisema ulimsitiri."

"Nilijisitiri mwenyewe. Yeye ndiye aliyenisitiri. Aliulizwa mbele yangu, na hakunitaja."

Wanawake waliokuwa karibu walikuwa wameacha kula. Akaniuliza kama kuna kingine ambacho hakimo kwenye daftari. Nikamwambia kipo kimoja. Ulikuwa na uji mdomoni, na nilikufuta.

Alifunga daftari, akaliingiza ndani ya koti lake. Hakusema amenisamehe, nami sikuwa nimeomba. Aligeuka akamwita Devota, ambaye alikuwa anakusanya sahani, na binti yao alikuwa anamfuata huku ameng'ang'ania sketi yake, amechoka, analialia.

"Mbebe," alisema Onesmo.

Devota aliangalia mlango wa chumba cha Bibi. Onesmo akalirudia neno lile lile, kwa sauti ya chini. Mwanamke mmoja akavua kanga ya begani, akamrushia. Devota akainama, akampandisha mtoto, akafunga, na kufunga kwake kulikuwa kwa haraka na kwa kujua, kama alivyofundishwa kwao kabla hajaolewa. Mtoto hakujua aweke wapi mikono. Alilia kidogo, akaligeuza shavu upande, akalibana kwenye mgongo wa mama yake, akanyamaza, kama mtu aliyesikia kitu humo ndani.